Hesabu inayofufua picha za mawe ya Iramba

Singida inasifika kwa alizeti, kuku wa kienyeji na mawe makubwa yaliyorundikana kando ya maziwa Singidani na Kindai. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba kaskazini mwa mkoa, Iramba na Mkalama, baadhi ya mawe yamechorwa. Kuna michoro myekundu ya wanyama na watu, ambayo watafiti huihusisha na wawindaji wa kale, mababu wa Wahadzabe na Wasandawe. Iko pia myeupe, minene, iliyokuja baadaye pamoja na wakulima na wafugaji.

Kazi ya kuzinakili picha za kanda hii ina umri wa karne. Mwaka 1923 Bagshawe, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya michoro aliyoihusisha na Wahadzabe. Kati ya 1934 na 1939 daktari Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alizunguka Isanzu, Iramba na bonde la ziwa Eyasi. Mwaka 1938 yeye na mkewe Margit wakatoa kitabu cha michoro ya miambani. Mtafiti Mary Leakey alipiga kambi Kondoa, katika mkoa jirani, mwaka 1951. Alibandika karatasi za selofeni juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akapunguza ukubwa na kupaka rangi. Alinakili taswira zipatazo 1,600.

Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila mkono hauwezi kufuatisha mstari ambao jicho halioni, na wapo waliolowesha mwamba kwa maji ili rangi iamke, jambo lililoidhuru michoro yenyewe.

Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman alileta programu iitwayo DStretch. Algoriti yake ilikuwa imeshatumika kuchambua picha za setilaiti. Yeye aliigeuzia kwenye mawe. Kila nukta ya picha ya kidijitali ina namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Kwenye picha ya mwamba namba hizo huandamana. Penye jua zote hupanda, penye kivuli zote hushuka, na ule wekundu kidogo uliosalia humezwa humo. Algoriti hupima namna zinavyoandamana, huzitenganisha, huvuta tofauti ndogo mpaka iwe kubwa, halafu huzirudisha kuwa rangi. Mwamba hugeuka buluu au manjano, na doa lililodhaniwa kuwa kutu likaonyesha shingo na miguu ya twiga. Mwamba wenyewe haukuguswa.

Kinachotokea kwenye skrini ni picha mpya, na hilo lisemwe wazi. Buluu ile hakuichagua mchoraji wa kale; imechaguliwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, akijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine. Februari 1965, Georg Nees alipoonyesha mjini Stuttgart picha zilizochorwa na mashine kwa kufuata amri za kompyuta, alianza na karatasi tupu. Anayetumia DStretch huanza na kazi ya mtu mwingine, aliyesaga mawe yenye chuma kupata rangi, na anawajibika kwake: aitunze picha ya awali pamoja na ile iliyogeuzwa, na aandike hatua alizopitia.

Uharaka upo. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, lakini ile ya Singida iko nje ya mipaka hiyo. Maji ya mvua, moshi wa mioto na mifugo inayojisugua kwenye mawe huimaliza taratibu. Huko Kondoa wapo pia wanaochimba chini ya michoro wakitafuta mali wanayoamini ilifukiwa na Wajerumani.

Programu hiyo sasa ina toleo la simu, kwa hiyo kijana wa Mkalama anaweza kuanza kazi hii mwenyewe. Apige kivulini, bila flashi, aweke rula kando ya mchoro bila kuugusa. Faili apeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya likiwa kamili, si kwa WhatsApp: picha iliyobanwa huwa na miraba midogo isiyoonekana, na algoriti huikuza miraba hiyo kwa nguvu ileile inayokuza rangi.