Hawe ana minazi, ardhi hana: uzi kuhusu "maskwota" wa Pwani

Kampeni zikianza tu, lazima mtu aandike hapa: "Watu wa Pwani wamepewa ardhi mara ngapi? Wakipewa wanauza." Jana nimeiona mara tatu kabla sijamaliza chai. Leo niwapeleke kwetu, kijiji kidogo Kilifi, halafu mkitaka kututukana mtutukane mkiwa na habari kamili. Sitataja mwanasiasa wala chama. Hii shida ni kubwa kwa umri kuliko wote.

Hawe wangu (Wagiriama ndivyo tunavyomwita nyanya) ana minazi 14. Ni yake kweli, aliachiwa na marehemu mumewe. Anauza nazi, mgema anampa fungu lake, na kijiji kizima kinajua. Lakini mchanga iliposimama hiyo minazi si wake. Kwetu hilo halishangazi mtu: mti una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe mwingine. Hata Mombasa kuna mitaa ambapo nyumba ni yako na kiwanja unalipia kodi kwa mtu.

Kijijini kwetu kuna sharti lingine: jenga kwa udongo na makuti, mawe usiguse. Ukijenga ya mawe utaonekana unajifanya mwenye shamba. Kwa hiyo wewe unayepita na gari ukielekea Malindi, ukiona zile nyumba ukasema "hawa ni wavivu", uliza kwanza wanaruhusiwa kujenga nini.

Ilianzaje? Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa pwani, maili 10 kutoka baharini, kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kusajili ardhi ya ukanda huo. Kila anayedai shamba aende kwa msajili, yeye binafsi, athibitishe. Isiyodaiwa na mtu ikawa ya Serikali ya kikoloni.

Sasa jiweke pale. Kwa Mmijikenda ardhi ilikuwa ya mbari, na ushahidi wake ulikuwa makaburi na maneno ya wazee. Utaendaje kudai peke yako kitu cha mbari nzima, kwenye ofisi usiyojua hata iko wapi? Waliotoka na vyeti wengi wao walikuwa familia za Waarabu na Waswahili, na wafanyabiashara waliozoea mambo ya hati. Watumwa walioachiliwa utumwa ulipofutwa 1907, wengi walibaki wakilima mashamba yale yale, bila karatasi. Halafu 1914 Wagiriama wakapigana na Waingereza (Mekatilili wa Menza mnamjua), na waliokuwa ng'ambo ya mto Sabaki wakaamriwa wahame. Ukihamishwa hivyo, ukirudi unarudi kama nani?

Oktoba 1963, London, ikakubaliwa ukanda uungane na Kenya, na hati za zamani ziheshimiwe. Hapa ndipo watu wengi huparuka. Uhuru ukaja, daftari la ardhi likabaki lile lile. Sheria ile ya 1908 ilikuja kufutwa 2012, na hata hapo vyeti vilivyotolewa chini yake havikufa.

Kwa haki niseme: si kila mwenye hati ni mwizi. Wengine walinunua kwa jasho lao, miaka mingi baadaye, wakiamini karatasi waliyoonyeshwa.

Kwa hiyo mheshimiwa akisimama juu ya gari na kusema "nitawapa hatimiliki", swali ni moja: ya ardhi ipi? Ya serikali inaweza kupimwa na kugawanywa. Yenye hati ya mtu, hata kama anaishi ng'ambo na hajawahi kuikanyaga, Katiba inailinda, na serikali lazima ilipe ndiyo iichukue. Pesa hizo ziko kwenye bajeti gani? Hapo utasikia muziki umefunguliwa.

Na ile ya "wanauza"? Ploti nyingi za skimu za serikali zilikuja na mkopo. Usipoulipa, hatimiliki huioni. Anatokea mtu na pesa taslimu, anaulipa, ploti inakuwa yake. Sikatai, kuna waliouza kijinga. Mjomba wangu aliuza akanunua pikipiki, na pikipiki yenyewe haipo.

"Si muende kortini? Miaka 12 inatosha!" Ni kweli, sheria inamruhusu aliyekaa miaka 12 kwenye ardhi ya mtu, waziwazi na bila ruhusa, aidai. Dhidi ya ardhi ya serikali dai hilo haliendi. Na shikeni neno "bila ruhusa".

Hawe amekuwa akimlipa wakala wa mwenye shamba kila mwaka, pesa kidogo tu, tangu mimi sijazaliwa. Risiti zote ameziweka kwenye mkebe wa mafuta chini ya kitanda. Kwake huo ndio ushahidi kwamba amekaa pale kwa heshima. Mwaka jana nilimpelekea wakili chache azione. Akazisoma, akanirudishia: "Hizi ndizo zinazommaliza. Anayelipa kodi amekaa kwa ruhusa."

Hawe sijamwambia. Jumapili nilimkuta ameketi kwenye mkeka, ameumwaga ule mkebe, akaniita: "Mjukuu wangu, njoo unisomee miaka nizipange. Wapimaji wakija wasinikute sijajitayarisha."

Nikamsomea.