Besi ya Bei Chee Iliyotikisa Dunia: Kwa Nini Toleo Jipya Siyo Feki

Hata kama muziki siyo fani yako, hili gitaa la besi ushaliona. Lina umbo la fidla, ni dogo, na picha za The Beatles limo karibu kila kona. Ni Höfner 500/1, mzigo wa Ujerumani.

La miaka ya 60 leo siyo la mchezo, linauzwa maelfu ya dola. Lakini kampuni yenyewe ina toleo la bei nafuu linaloitwa Ignition, linatengenezwa Asia na linauzwa mamia ya dola tu. Hapo ndipo wajuaji wanapoanza: "Aah, hiyo siyo yenyewe."

Sasa turudi nyuma kidogo.

Höfner ilianza 1887, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa fidla. Mwaka 1956 ikaleta besi hii sokoni. Ndani ina uwazi kama fidla, kwa hiyo ni nyepesi, haikuumizi bega. Shingo nayo fupi: nyuzi zina urefu wa inchi 30, wakati besi za Fender za Marekani ni inchi 34. Sauti yake ni nene na ya duara, inapiga "dum" halafu inakata.

Mwaka 1961, vijana wa Liverpool walikuwa wanapiga muziki usiku kucha kwenye klabu za Hamburg. Mpiga besi wao akaamua kuachana na bendi arudi kwenye uchoraji. Mwenzake, dogo ambaye hata miaka 20 hajafika, ndo akabebeshwa besi.

Shida ikawa mkwanja. Fender ilikuwa kama pauni 100. Höfner? Kama pauni 30 hivi. Halafu dogo ni mashoto, na hili umbo lina pande mbili zinazofanana, ukiligeuza halionekani kituko. Akalichukua.

Yaani gitaa maarufu kuliko yote lilinunuliwa kwa sababu lilikuwa rahisi!

Mwaka 1963 akapata la pili, ambalo amelitumia hadi uzeeni. Lile la kwanza likaibiwa ndani ya gari London, 1972. Zaidi ya miaka 50 kimya. Februari 2024 dunia ikatangaziwa kwamba limepatikana, kumbe lilikuwa limekaa darini kwa watu, na limerudi kwa mwenyewe.

Ni kweli, Ignition halijachongwa na fundi wa Ujerumani, na mbao zake hazijazeeka miaka 60. Lakini umbo ni lile, shingo fupi ile ile, hata vile viswichi vya kwenye kibao vipo. Na muhimu zaidi, dogo asiye na hela anaweza kujichanga akalinunua. Hiyo ndiyo asili yenyewe ya hili gitaa. Linalokaa kwenye kabati la kioo la tajiri ndilo limepotea njia.

Wadau, mnasemaje? La kale la maelfu, au jipya la kupiga kila siku? Dondosha komenti.