Majina ya Kitumwa na Utafutaji wa Heshima: Historia ya Kubadili Majina katika Mwambao wa Afrika Mashariki, 1873–1950

1.0 Utangulizi

Katika jamii za mwambao wa Afrika Mashariki, jina la mtu halikuwa alama ya kumtambulisha tu. Lilieleza dini yake, baba yake, na mara nyingi nafasi yake kati ya waungwana na watumwa. Kwa sababu hiyo, watu waliobeba majina ambayo waungwana hawakuwapa watoto wao hawakuwa na hisia za namna moja kuhusu majina hayo. Wapo walioyaacha mara tu walipopata nafasi, wapo walioyahifadhi, na wapo walioyarithisha hadi maana yake ya awali ikafifia. Makala haya yanachunguza hisia hizo kuanzia mkataba wa mwaka 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja, hadi kifo cha Siti binti Saad mwaka 1950. Hoja yake kuu ni kwamba kubadili jina kulikuwa sehemu ya kudai uhuru, lakini dai hilo halikukamilika kwa jina la kwanza pekee. Lilihitaji pia jina la baba.

2.0 Namna Watumwa Walivyopewa Majina

Mtu aliyetekwa bara, awe Myao, Mnyasa au Mzigua, alifika pwani akiwa na jina alilopewa na wazazi wake. Mara nyingi jina hilo liliachwa na jingine likatolewa na bwana aliyemnunua. Majina mapya yalikuwa ya makundi kadhaa. Yapo yaliyotaja heri, kama vile Baraka, Mabruki, Faraji na Bahati. Yapo yaliyotokana na vito na manukato, kama vile Feruzi, Almasi, Marijani, Ambari na Zafarani. Mengine yalikuwa majina ya siku, kama Juma na Hamisi, ingawa hayo waungwana nao waliyatumia.

Desturi hii haikuanzia pwani. Kafur, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuitawala Misri katika karne ya 10, aliitwa kwa jina la kafuri. Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi na kuja kuwa kiongozi mwenye nguvu katika eneo la Deccan nchini India, alibeba jina la ambari. Aidha, katika hadithi zilizokusanywa na Imamu Muslim, Mtume anakataza watumwa kuitwa majina yenye maana ya wepesi, faida na ufanisi. Sababu inayotolewa ni kwamba mtu akiuliza kama mwenye jina hilo yupo, huenda akajibiwa kuwa hayupo, na jibu hilo likawa kana kwamba heri yenyewe haipo. Katazo hilo linaonesha kwamba kumwita mtumwa kwa jina la heri ni mazoea ya kale.

Hapa ndipo utata wa hisia unapoanzia. Kwa maana ya neno, majina haya ni mazuri. Almasi ni kitu cha thamani, na zafarani ina harufu ya kupendeza. Hata hivyo, thamani hiyo ni ya kitu kinachomilikiwa, na heri inayotajwa ni ile anayoitarajia bwana. Kilichoumiza, basi, hakikuwa maana ya neno bali mamlaka ya aliyelitoa.

3.0 Majina ya Misheni

Watumwa waliookolewa baharini na meli za Waingereza walipata majina kutoka upande mwingine. Baadhi ya watoto walipelekwa Nasik nchini India, wakasomeshwa na kubatizwa. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyeusindikiza mwili wa David Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874. Wahitimu wengine wa Nasik walikuja kuwa nguzo ya kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Jina kama Wainwright lilimpa mtu nafasi katika kanisa na ajira, lakini halikumuunganisha na ukoo wowote wa Uyaoni. Katika jambo hilo, jina la misheni lilifanana na jina la kitumwa: yote mawili yalikata uzi wa nasaba.

Misheni ya Vyuo Vikuu iliyokuwa Unguja inatoa mfano wa namna tofauti. John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890, walipata majina ya ubatizo bila kupoteza majina yao ya Kiswahili. Abdullah Susi, mwandani wa Livingstone, alibatizwa mwaka 1886 akaitwa David, lakini Susi likabaki. Mifano hii inadhihirisha kwamba jina jipya halikulazimika kufuta la zamani. Majina mawili yangeweza kukaa pamoja, kila moja likihifadhi sehemu ya maisha ya mwenyewe.

4.0 Uhuru wa Kisheria na Upungufu wa Nasaba

Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Amri hizo ziliwaondoa watumwa mikononi mwa mabwana, lakini hazikuwapa mababu wanaotambulika. Katika sheria ya Kiislamu, aliyeachwa huru hubaki na uhusiano na aliyemwacha huru, kiasi kwamba akifa bila warithi, bwana wa zamani ana haki katika mirathi yake. Kwa hiyo, kutajwa kama mtumwa aliyeachwa huru na fulani hakukuwa maelezo ya kawaida tu. Kulikuwa na uzito mbele ya kadhi.

Uzito huo ulionekana pia katika ndoa. Kanuni ya kufu, yaani mume kulingana na mke kwa hadhi, ilizingatia uhuru na nasaba. Mtu ambaye jina lake lilidokeza utumwa angeweza kukataliwa na wazazi wa binti hata kama alikuwa na shamba na dini yake haina dosari. Hivyo basi, kubadili jina, mavazi na hata kabila la kujinasibisha kuliendana. Mwanahistoria Laura Fair ameonesha jinsi watu wa Unguja waliotoka utumwani walivyotumia mavazi, muziki na utambulisho mpya kujijengea hadhi ya watu huru.

5.0 Kutoka Mtumwa hadi Siti

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa binti Saad. Alikuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, ambako sauti yake ilimpatia umaarufu. Huko ndiko alikojulikana kwa jina la Siti, lenye asili ya Kiarabu na maana ya bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake.

Wachambuzi wengi huhimiza badiliko la jina la kwanza, kutoka neno la chini kabisa hadi neno la heshima. Jambo linalostahili uzito sawa ni lile lisilobadilika. Binti Saad lilibaki. Mwanamke huyo hakujitafutia baba Mwarabu wala ukoo wa kubuni. Aliukataa unyonge uliowekwa katika jina lake, lakini hakumkataa mzazi wake. Kwa kuitwa Siti binti Saad, heshima mpya ilimfikia pia Saad, mtu ambaye bila binti yake asingetajwa katika historia.

6.0 Jina kama Ushahidi

Mifano hii isimfanye mtafiti aharakishe kuhukumu asili ya mtu kwa jina lake. Majina kama Tabu, Shida na Mashaka hueleza hali ya wazazi wakati wa kuzaliwa mtoto. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufariki aliweza kupewa jina la kudharauliwa ili mauti yasimtamani. Hata neno mtumwa, kwa sarufi yake, ni mtu aliyetumwa, na linaweza kubeba maana ya unyenyekevu mbele ya Mungu. Vilevile, Baraka, Bahati na Almasi leo hupewa watoto wa familia za kila asili. Kwa hiyo, orodha ya majina pekee haitoshi kuthibitisha nasaba. Inapaswa kulinganishwa na kumbukumbu za mahakama, vitabu vya ubatizo na masimulizi ya wazee. Tahadhari hii ni ya kimaadili pia, kwa kuwa uzao wa watu hao ungalipo, na tuhuma ya utumwa bado inaweza kuvunja posa.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Historia ya mwambao inaonesha kwamba wema wa jina haumo katika maana ya neno tu. Feruzi lingeweza kuwa zuri na bado likaudhi, kwa kuwa lilitolewa na mnunuzi. Wainwright lingeweza kuleta ajira na bado likamwacha mtu bila ukoo. Waliotoka utumwani walitafuta mambo mawili kwa pamoja: haki ya kuchagua waitwe nani, na haki ya kutambuliwa kuwa watoto wa fulani. Sheria za 1897, 1907 na 1922 hazikutoa lolote kati ya hayo. Yote mawili yalipatikana polepole, nje ya mahakama, pale majirani walipokubali kumwita mtu kwa jina alilolitaka.