Jaribio la Turing: Nani anayejibu?

JARIBIO la Turing ni kipimo cha kubaini iwapo mashine yaweza kuzungumza kama binadamu. Lilibuniwa na mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing, katika makala aliyochapisha mwaka wa 1950.

Mwamuzi huuliza maswali kwa maandishi pasipo kuwaona wanaomjibu: mmoja ni mtu, mwingine mashine. Akishindwa kuwatofautisha, mashine huhesabiwa kuwa imefaulu.

Hata hivyo, kuiga si kuelewa. Mnamo 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alieleza kuhusu ELIZA, programu aliyoiunda ambayo iliyageuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia. Ingawa haikuelewa lolote, baadhi ya waliozungumza nayo waliifungulia mioyo yao. Weizenbaum alishtuka, na katika kitabu alichotoa mwaka wa 1976 akaonya dhidi ya kuiachia kompyuta maamuzi yanayohitaji utu na hekima.

Kwa hivyo, ufasaha wa maandishi pekee hauthibitishi aliyeyaandika. Kwenye intaneti, anayejibu kwa upole huenda si mtu. Na hata akiwa mtu, huenda si yule anayedai kuwa.