Udongo, shamba au nchi?

Juma hili mwalimu wangu alikuwa mjukuu wangu wa darasa la tano. Tulikaa barazani hapa Morogoro, mawingu yameifunika milima ya Uluguru, naye akafungua daftari lake la Kiingereza. "Babu," akasema, 'land' maana yake nini?" Nikamjibu haraka: "Ardhi." Akaandika.

Sentensi ya pili kitabuni ilihusu ndege, na "land" hapo ikawa ni kutua. Ya tatu ilihusu mabaharia walioona "land" baada ya siku nyingi, ikawa nchi kavu. Mtoto akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ni neno la herufi nne tu. Waingereza wamelitia katika jina la nchi yao, England. Wamelitia hata katika gari, Landrova, lililoanza kuundwa mwaka 1948. Bwana anayekudai kodi ya chumba mjini wao humwita "landlord", hata kama hana tuta moja la mchicha. Hayo ni ya kuchekesha. Lakini zipo maana tatu ambazo sisi tumezigawia maneno yake: udongo unaoushika mkononi, shamba lenye mwenyewe, na nchi yenye wananchi. Katika milima hii maana hizo ziligongana, na damu ikamwagika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango ulioitwa kwa Kiingereza Uluguru Land Usage Scheme, yaani mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wataalamu waliona miteremko mikali imelimwa, mvua inazoa udongo, na mito inayolisha Ruvu imo hatarini. Hofu yao haikuwa ya uongo. Dawa waliyoandika ilikuwa matuta ya ngazi, na dawa hiyo ilikuwa ya lazima. Aliyekaidi alitozwa faini. Kwa bwana shamba wa wakati ule, "land" ilikuwa udongo. Ukizuia udongo usiondoke, kazi imekwisha.

Mluguru alikuwa na hesabu nyingine. Kwake ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo wa Waluguru hufuatwa kwa upande wa mama. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kuomba mahali pa kulima mahindi, akapewa. Kupanda miti ya kudumu ilikuwa habari nyingine, kwa sababu mti humfunga mtu na mahali. Sasa tuta la ngazi je? Nalo ni alama ya kudumu. Nikichimba ngazi katika shamba nililoazimwa, limekuwa langu? Na serikali ikishatengeneza mlima mzima kwa amri yake, mlima utabaki wa nani?

Hata kwa upande wa udongo mambo hayakwenda sawa. Sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, unaleta juu udongo usio na nguvu. Watu walitoa jasho wakavuna haba.

Maana ya tatu nayo ilikuwa imeshaingia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1951 Wameru wa Ngare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mkulima aliyelalamikia matuta sasa alipata lugha ya kuulizia nchi.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima. Ghasia zikazuka, polisi wakatumia silaha, na mtu mmoja akafa. Mpango wa matuta ya lazima ukaachwa.

Sisemi kwamba fujo zililetwa na neno. Zililetwa na amri, faini na kutosikilizana. Lakini wale waliozungumza juu ya "land" kila mmoja alikuwa na yake kichwani, na mwenye nguvu hakuuliza ya mwenzake. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu juu ya mambo hayo. Toleo la London lilikuwa na neno "land" katika jina lake, pamoja na siasa. Toleo la Marekani liliitwa kwa jina lenye maana ya moshi milimani. Kitabu ni kilekile.

Tusidhani hayo yamepita. Mwaka 1999 tulipata sheria mbili, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Humo "land" ina maana ya nne, ya kisheria. Nyumba iliyojengwa juu yake imo, na vilivyo chini yake vimo, lakini madini na mafuta hayamo. Kwa hiyo mwanakijiji mwenye hatimiliki ya kimila mkononi ana haki katika shamba lake, ila dhahabu ikionekana chini ya muhogo wake, hiyo si ardhi yake. Wangapi wameelezwa hivyo siku ya kukabidhiwa hati?

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ni jambo jema. Lakini kuandika "ardhi" kila palipokuwa na "land" hakutoshi. Mtu akija kijijini kwako kuzungumza juu ya ardhi, awe mpimaji, mhifadhi wa msitu au mwekezaji, muulize mapema, kwa heshima: ndugu, unazungumzia udongo wetu, mashamba yetu, au nchi yetu? Na jibu lake liandikwe katika muhtasari wa mkutano.

Mjukuu wangu aliandika maana zote alizozipata. Mwalimu akampa alama moja, akasema swali lilitaka jibu moja. Nimemwambia asilifute.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.