Jinsi ya kukokotoa upepo katika gofu ya intaneti

MCHEZAJI wa gofu ya intaneti anaposhindwa, aghalabu huilaumu bahati. Lakini pigo lake la mwisho likichunguzwa, mara nyingi hubainika kwamba fimbo aliichagua vyema na nguvu aliipima barabara, ila upepo aliukadiria kwa jicho tu.

Kosa hilo lina gharama. Katika Golf Clash, mchezo wa simu uliotolewa mwaka wa 2017 na kampuni ya Playdemic ya Uingereza, wachezaji wawili huweka dau la sarafu kabla ya kuanza, na mshindi ndiye huzizoa. Sarafu hizo ni za mchezoni, lakini zinapomwishia mchezaji, anaweza kununua nyingine kwa pesa halisi.

Mchezo huo ulishinda tuzo ya BAFTA ya mchezo wa simu mwaka wa 2018. Mnamo 2021, kampuni ya Electronic Arts ya Marekani iliinunua Playdemic kwa dola bilioni 1.4. Kwa hivyo, biashara inayojengwa juu ya sarafu hizo si ndogo.

Hata hivyo, upepo wa michezo ya aina hii si kitendawili. Katika uwanja halisi, upepo huvuma kwa mikupuo na kubadilika ghafla. Katika mchezo wa simu au kompyuta, kasi na mwelekeo huonyeshwa kabla ya pigo, na programu huzingatia kanuni ile ile kila mara. Palipo na kanuni, pana hesabu.

Aina tatu za upepo

Mabaharia wa pwani yetu huuita upepo unaokikabili chombo pepo za omo, na ule unaokisukuma kutoka nyuma pepo za tezi. Mchezaji gofu naye anakabiliwa na pepo hizo mbili, pamoja na upepo wa ubavu.

Upepo wa mbele hufupisha safari ya mpira, wa nyuma huirefusha, na wa ubavu huupeleka mpira kando.

Wachezaji wengi wa gofu halisi hutumia kanuni hii ya kukadiria: kwa kila maili 1 kwa saa ya upepo wa mbele, ongeza asilimia 1 ya umbali, kwa kila maili 1 ya upepo wa nyuma, punguza nusu ya asilimia.

Kwa mfano, pigo la yadi 150 dhidi ya upepo wa maili 10 hupigwa kana kwamba ni la yadi 165. Upepo huo huo ukitoka nyuma, pigo huhesabiwa kuwa la yadi 142 na nusu.

Mbona pepo hizi hazilingani? Mpira wa gofu huruka ukizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo huuinua hewani. Upepo wa mbele huongeza kasi ya hewa inayoupita mpira, hivyo mpira huinuka zaidi na kuzuiwa zaidi. Upepo wa nyuma huusukuma mpira, lakini pia huupunguzia nguvu ya kuinuka, ukaanguka mapema.

Upepo wa mshazari

Ni nadra upepo kuvuma sambamba na mstari wa pigo. Mara nyingi huja kwa mshazari, na hapo ndipo wengi hukosea.

Dawa yake ni hesabu ya pembetatu inayofundishwa katika shule za upili. Pima pembe iliyopo kati ya mshale wa upepo na mstari wa pigo. Kasi ya upepo ukiizidisha kwa kosaini ya pembe hiyo, utapata sehemu ya mbele au ya nyuma. Ukiizidisha kwa saini, utapata sehemu ya ubavu.

Hakuna haja ya kikokotoo. Inatosha kukariri pembe tatu. Katika digrii 30, sehemu ya mbele ni 0.87 ya kasi na ya ubavu ni 0.5. Katika digrii 45, zote mbili ni 0.7. Katika digrii 60, ya mbele ni 0.5 na ya ubavu ni 0.87.

Tuseme shimo liko yadi 150, na upepo wa maili 12 unakuja kutoka mbele kwa pembe ya digrii 30. Sehemu ya mbele ni maili 10.4, na ya ubavu ni maili 6. Asilimia 10.4 ya yadi 150 ni takriban yadi 16, hivyo piga kama la yadi 166.

Iwapo umejaribu na kuona kwamba katika umbali huo kila maili 1 ya ubavu huupeleka mpira yadi 1 kando, elekeza pigo yadi 6 upande ambako upepo unatoka.

Iwapo mchezo wako unapima upepo kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 2.24 ili upate maili kwa saa.

Hesabu ya duara

Golf Clash ina njia nyepesi zaidi. Mahali mpira unapotarajiwa kuanguka huonyeshwa kwa shabaha yenye duara kadhaa, moja ndani ya nyingine. Mchezaji huisogeza shabaha hiyo kuelekea upepo unakotoka, kwa kufuata mstari wa mshale. Kwa kuwa shabaha husogezwa upande wowote, hakuna haja ya kuugawa upepo.

Swali ni moja: isogezwe duara ngapi? Jibu hutokana na fimbo. Piga bila kusogeza chochote, kisha uangalie mpira umekwenda kando kiasi gani. Ikiwa upepo wa maili 6 umeuhamisha duara 3, basi kwa fimbo hiyo duara 1 ni sawa na maili 2. Upepo wa maili 9 utahitaji duara 4 na nusu.

Aidha, yapo mambo matatu yanayobadilisha jibu hilo. Kwanza, fimbo yenye usahihi mkubwa ina duara finyu, kwa hivyo huhitaji duara nyingi zaidi kwa upepo ule ule. Pili, pigo fupi kwa fimbo ile ile huathiriwa kidogo, maana mpira haukai sana hewani. Tatu, baadhi ya mipira hustahimili upepo, na kiasi hicho hupunguzwa kwenye kasi kabla ya kugawanya.

Daftari na dau

Zipo programu zinazouza majibu ya hesabu hizi. Mwenye daftari na kalamu hazihitaji. Andika jina la kila fimbo, na kando yake kiasi cha upepo kwa duara 1, katika pigo refu, la wastani na fupi. Majaribio hayo yafanywe katika viwanja vya dau dogo.

Mzazi anayemwachia mtoto simu yake naye ahakikishe kwamba ununuzi wa ndani ya mchezo umefungwa kwa nambari ya siri.

Baada ya kushindwa, kishawishi kikubwa ni kupanda uwanja wa dau kubwa ili kurejesha kilichopotea. Asiyejua fimbo yake inabeba maili ngapi kwa duara atapoteza huko vile vile, na kwa haraka zaidi. Arudi kwanza katika uwanja mdogo, apige mipira kumi, na aandike.