Ndizi Kushuka, Magadi Kupanda: Masoko ya Mali kwa Mali Kilimanjaro

Kabla ya sarafu kuenea Uchaggani, mazao yaliyokuzwa nyumbani yalibadilishwa mali kwa mali katika masoko ya wanawake. Chanzo cha mazao hayo kilikuwa kihamba, shamba linaloizunguka nyumba na kurithiwa ndani ya ukoo. Humo migomba husimama chini ya miti mirefu, na chini ya migomba hustawi magimbi, viazi vikuu na maharage. Ng'ombe hufugwa ndani na kukatiwa majani, samadi yao ikarudi migombani. Maji huletwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kutoka kwenye mito ya mlimani.

Kihamba kililisha nyumba, lakini hakikutoa kila kitu. Majirani wa mteremko mmoja walikuwa na ndizi zilezile. Mkungu uliopelekwa kwa jirani ulikuwa ukarimu au msaada wakati wa msiba, si biashara. Biashara ilizaliwa na mwinuko. Ulezi, ambao pasipo huo hakuna mbege, yaani pombe ya ndizi, ulilimwa zaidi katika mashamba ya chini yenye joto. Magadi ya kulainishia ndizi na maharage yalitoka tambarare. Vyungu vilifinyangwa na watu wa Kahe na Upare, na Ugweno, kaskazini mwa Upare, ilisifika kwa chuma. Mwanamke wa vihamba vya juu alishuka na mzigo wa ndizi kichwani, akapanda na magadi, nafaka au chungu. Huo ni mwendo wa saa nyingi, na ndio uliovipatia vyakula vya Kichagga kama ngararimo ladha ambayo mlima peke yake usingeweza kuvipa.

Kwa nini wanawake? Ardhi na ng'ombe vilihesabiwa kuwa vya mwanamume, ila ndizi za chakula zilikuwa mikononi mwa mama wa nyumba. Yeye ndiye aliyejua mkungu upi uliwe, upi uivishwe na upi upelekwe sokoni. Ni haki kuyataja masoko haya kama taasisi kamili, ingawa historia ya mlima imezoea kuwataja Mangi, yaani watawala wa Kichagga, na vita vyao tu. Katika karne ya 19 Kibosho ya Mangi Sina na Moshi ya Mangi Rindi zilipigana vikali. Hata hivyo masoko yalihitajika, kwa kuwa mahitaji ya jikoni hayakuweza kutoshelezwa ndani ya mipaka ya Mangi mmoja.

Misafara ya pwani, iliyotoka Pangani na Mombasa, iliongeza vitu vipya katika mabadilishano hayo. Ilifuata hasa pembe za ndovu, lakini wapagazi walihitaji kula, na chakula kililipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema kwa Mangi Masaki mwaka 1848, alipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara.

Badiliko kubwa lililetwa na utawala wa Wajerumani. Kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897, ilizisukuma kaya kutafuta rupia. Baadaye, chini ya Waingereza, shilingi ilichukua nafasi yake, na kilimo cha kahawa kikaenea katikati ya migomba ileile. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU. Fedha za kahawa zilikwenda kwa wanaume. Ndizi zikabaki kwa wanawake, na pamoja nazo soko, ambalo sasa lilihesabu kwa senti kile kilichopimwa zamani kwa magadi.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Katika masoko kama la Mwika, malori hupakia mikungu ya kwenda Dar es Salaam, na wauzaji wengi bado ni akina mama wanaoshuka nayo kutoka vihambani.